Lozi ya Upendo

Nchi inayosimuliwa hapa haipo. Wanaoishi humo ndio wanaojua zaidi kwamba haipo, na ukimwuliza mmoja wao habari zake, hutazama kwanza nyuma yake, akahakikisha kwamba haipo, ndipo akanyamaza. Basi na msomaji asiitafute. Akiiona, aseme amepotea njia.

Nchi hiyo ilipenda sayansi. Iliipenda kiasi cha kuiundia wizara nzima, Wizara ya Ubongo na Anga, ili kila kilichomo ndani ya kichwa cha mwananchi, na kila kilichoko juu ya kichwa hicho, kiwe chini ya waziri mmoja. Palipo chini ya kichwa, yaani tumbo, hapakuwa na wizara. Waziri mwenyewe aliitwa Mheshimiwa Dokta Koroboi. Udokta wake ulikuwa wa heshima. Alitunukiwa siku alipokwenda chuo kikuu kumpigia makofi mtu mwingine.

Sasa, katika lugha ya nchi ile, kama katika lugha yetu, neno nyota lilikuwa na vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza ulikaa ule mwanga wa angani. Katika cha pili ilikaa bahati ya mtu, ile ambayo watu husema imeng'aa, au imefifia, au imechafuliwa na jirani mwenye kijicho. Kati ya vyumba hivyo palikuwa na ukuta, na watu waliishi nao kwa amani tangu enzi za mababu. Siku moja Bunge likaketi, likaubomoa. Sheria ikatamka kwamba ile nyota kubwa nyekundu, ambayo hata mwenye mtoto wa jicho huiona, ni nyota ya Mtukufu Kiongozi kwa maana zote mbili, na kwamba afya yake ni afya yake. Afya ya nani ni ya nani, sheria haikufafanua, na hakuna mbunge aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza.

Mshairi wa Ikulu akatunga ubeti, na watoto wa shule wakauimba kila asubuhi wakiwa wamesimama wima:

Nyota yetu ya milele, juu ing'arayo sana,
Imefikia kilele, hapana wa kushindana,
Nasi tutasonga mbele, kwa nuru yake mwanana,
Nyota yetu haizimi, hata jua likizima.

Vina vilikuwa sawa, mizani ilitimia, na uongo ulijaa kibaba ukamwagika.

*

Kazi ya kuiangalia nyota hiyo ilikuwa ya Siwema Kitogo, mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache na kiburi kingi, bingwa wa pekee wa mambo ya anga aliyesalia katika nchi ile. Kila Jumatatu alisimama mbele ya kipaza sauti cha redio ya taifa akasema, "Nyota iko imara." Taifa likashusha pumzi, likaenda kazini.

Tatizo ni kwamba nyota haikuwa imara. Siwema alikuwa akiiona ikivimba na kusinyaa kama mgonjwa anayepumulia juu juu. Ilikuwa imemaliza kuni zake zote na sasa inachoma majivu. Alipiga hesabu, akazirudia, akazipiga tena kwa njia nyingine akitumaini kwamba amekosea. Hakuwa amekosea. Nyota ilikuwa inakufa, na nyota kubwa namna ile haifi kimyakimya, hupasuka, ikawaka kuliko wenzake wote wakijumlishwa pamoja. Vizazi vya wajuzi wa nyota huzaliwa na kuzikwa bila kukiona kitu kama hicho, naye alikuwa hai, mzima, na macho yake mawili. Alitaka kumwambia mtu. Afadhali wote.

Basi Jumatatu moja akasimama mbele ya kipaza sauti akasema, kwa sauti ileile ya siku zote, kwamba nyota inakufa. Akaongeza kwamba mwanga wake husafiri karne nyingi kabla ya kutufikia, kwa hiyo huenda ilishakufa kabla nchi hii haijapata jina, ila mwanga wenyewe ndio haujapata habari. Anayetaka kuiona, aitazame sasa.

Mtangazaji, kwa mazoea, akajibu kwamba taifa linashukuru kwa habari njema, akaweka wimbo. Wimbo ulipofika katikati ndipo alipoelewa alichoambiwa. Wasikilizaji wanasema walisikia kiti kikianguka.

Askari walifika studio kabla wimbo haujaisha.

*

Waziri Koroboi hakumfokea. Alimkaribisha chai, jambo ambalo katika nchi ile lilitisha kuliko kufokewa. Akamweleza kwa upole hasara aliyoisababisha. Mabalozi wamepiga simu kutoa rambirambi. Mpishi wa Ikulu ameonekana akifungasha sufuria. Mtukufu mwenyewe amepanda kitandani na blanketi la sufu, anajishika mkono kutafuta mapigo ya moyo, na kila akiyapata haamini.

"Binti Kitogo," akasema waziri, "hata mzazi wako alikujua. Si-wema. Alikutazama tu akakuandika."

"Mzazi wangu aliniita hivyo ili husuda isinione, Mheshimiwa. Naona imeniona."

Waziri akacheka kidogo, kisha akaacha, kama mtu aliyekumbuka kwamba kicheko nacho kina ripoti yake. Akamtaka arudi redioni aseme kwamba nyota imejipumzisha. Viongozi wote hujipumzisha, akasema, hilo wananchi wanalielewa.

"Na ikilipuka, Mheshimiwa?"

"Ilipuke kwa kibali cha nani?"

Siwema akaeleza kwamba nyota haiombi kibali. Waziri akauliza kama haiwezekani kuiongezea mafuta, maana serikali ina akiba ya dizeli na jeshi lina ngazi ndefu. Siwema akamweleza umbali uliopo. Waziri akamsikiliza hadi mwisho, akakoroga chai yake, akajibu kwamba umbali ni suala la utashi wa kisiasa.

Hapo Siwema alielewa kwamba hapakuwa na mlango. Alikuwa na hofu, lakini kiburi chake kilikuwa kimekaa juu ya hofu kama kifuniko juu ya chungu. Akasema kwamba kunyamaza anaweza. Kusimama na kusema iko imara, hawezi.

"Kunyamaza ni kosa jingine," akasema waziri kwa huruma, "lina kifungu chake." Akabonyeza kengele, akaagiza apelekwe kwenye Kiti.

Na hapa lazima Kiti kielezwe, kwa kuwa kilikuwa fahari ya sayansi ya nchi ile. Kilikuwa kiti kizuri cha ngozi, chenye kofia ya nyaya. Mtu akikaa na kuvishwa kofia, ubongo wake ulionekana kwenye skrini, na sehemu inayofanya kazi wakati huo iliwaka. Kila mwananchi alikikalia mara moja kwa mwaka, akaonyeshwa picha ya Mtukufu. Na ajabu ya Mungu, kwa kila mwananchi, awe wa bara au wa pwani, mwenye nacho au asiye nacho, paliwaka palepale: kijinyama kidogo, umbo la lozi, kilichojificha ndani kabisa ya kichwa. Waziri Koroboi akakiita Lozi ya Upendo. Kikawekwa kwenye stempu. Kikachongewa sanamu katikati ya jiji, na maharusi wakawa wanakwenda kupiga picha pale.

Lozi ikiwaka, mwananchi alipewa cheti cha mapenzi. Isipowaka, palikuwa na swichi kwenye mkono wa kushoto wa Kiti. Ikibonyezwa, Kiti kilifuta kichwani kila ambacho mtu alipata kujifunza, akabaki na jina lake, maneno machache na hamu ya kula. Hii haikuitwa adhabu. Iliitwa kusahaulishwa.

Kwa hiyo mambo yalikuwa mepesi kueleweka. Lozi ya Siwema ikiwaka, itathibitika kwamba alikosea kwa sababu ya mapenzi mengi, atasamehewa. Isipowaka, nyota zote alizozikusanya kichwani tangu utotoni zitazimwa kwa kidole kimoja.

*

Nje ya chumba cha Kiti palikuwa na benchi, na kwenye benchi aliketi mzee mwenye shati safi na uso usio na kunyanzi. Siwema alimtambua kabla hajafika karibu. Alikuwa Profesa Ndalu, aliyemfundisha yote aliyoyajua. Zamani aliwahi kusema darasani kwamba jua nalo ni nyota tu, na siku moja litakufa. Baadaye ikasemekana amestaafu. Kumbe serikali ilimpa kazi hapa, kuwaonyesha wageni kwamba haiumi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kukaa? Haiumi."

Hakumtambua. Alimpisha nafasi kwenye benchi, kisha akanyoosha kidole dirishani, akamwuliza kile kinachong'aa pale juu kinaitwaje.

"Jua, Mwalimu."

"Jua," akarudia mzee, akifurahi kama aliyepewa peremende. Akafikiri kidogo. "Linajua nini?"

Mlango ukafunguliwa, Siwema akaitwa ndani.

Mwenye Kiti alikuwa Daktari Mbaruku, bingwa wa ubongo aliyesomea ng'ambo, mtu mzima mwenye adabu na mabega yaliyoinama. Waziri aliketi pembeni, mbele ya skrini. Siwema akakaa. Alikuwa akitetemeka hadi nyaya za kofia zikawa zinagongana, na lau picha ya Mtukufu ingeletwa wakati ule, angepata cheti chake akaenda nyumbani. Lakini Daktari Mbaruku alimwonea huruma, na huruma ndiyo iliyoharibu kazi. Akainama kana kwamba anamkaza kofia, akamnong'oneza.

"Ogopa, dada. Usihangaike kumpenda. Hiyo lozi si ya mapenzi, ni ya hofu. Dunia nzima ya madaktari inajua. Waziri alipoona inawaka kwa kila mtu, akaniambia nibadilishe jina."

Siwema alimsikia vizuri. Picha ya Mtukufu ikawekwa mbele yake, na badala ya kuiona picha, aliona stempu. Aliona barua za posa na za misiba zikisafiri nchi nzima, kila moja imebandikwa hofu kwenye kona. Aliona maharusi wakikumbatiana chini ya sanamu. Aliona sebule ya baba yake, na cheti cha mapenzi ukutani ndani ya fremu ya dhahabu, baba amekaa chini yake na kanzu yake ya Ijumaa, anajivunia mbele ya wageni jinsi alivyotishika. Kicheko kikamjia. Akakimeza. Kikapanda tena. Aliuma midomo, akafikiria benchi la nje, akafikiria swichi, yote bure. Kicheko na hofu havilali kitanda kimoja. Kicheko kilipoingia, hofu ilijifunga kanga ikatoka.

Kwenye skrini Lozi ikafifia, ikapepesa, ikazima kama kibatari kwenye upepo.

Daktari Mbaruku alifumba macho. Waziri Koroboi alisimama, akatamka kwamba Siwema Kitogo atasahaulishwa hadharani, asubuhi ya sikukuu iitwayo Siku ya Nyota, katika uwanja wa taifa, ili Mtukufu aone na apone.

*

Siku zilizobaki Siwema alizitumia kutaja majina ya nyota kimoyomoyo, kama mwenyeji anayewaaga wageni mlangoni. Kuna alizoziaga mara mbili.

Asubuhi ya Siku ya Nyota uwanja ulifurika. Kiti kiliwekwa katikati ya jukwaa, na nyuma yake skrini kubwa kuliko nyumba. Mtukufu aliletwa amevaa koti zito juani, amekonda, macho yanazunguka. Mshairi wa Ikulu alisoma ubeti wake. Watu wakaitikia. Kisha askari wawili wakampandisha Siwema, mmoja kila mkono, na njia nzima yeye alikuwa ametazama juu, maana alitaka anga liwe kitu cha mwisho anachokijua.

Kwa hiyo yeye ndiye aliyeiona kwanza. Katika buluu ya asubuhi, jua likiwa limeshapanda, palitoboka nukta nyeupe. Haikupepesa. Ilikaa pale kama msumari, na kadiri alivyoitazama ndivyo ilivyokuwa kali zaidi. Siwema alisimama, na askari wakasimama naye, wakafuata macho yake. Watu wa majukwaa ya mbele wakawafuata askari. Muda si muda uwanja mzima ulikuwa umeinua nyuso.

Waziri Koroboi aligeuka rangi ya unga. Kila aliyekuwa na cheo alikuwa akijiuliza swali moja: sheria inasema nini juu ya jambo hili, na je, ni salama kuliona? Wengine waliamua kutazama viatu vyao mpaka itakapotolewa taarifa.

Aliyewaokoa ni Mshairi wa Ikulu, ambaye bado alikuwa na kipaza sauti mkononi na woga tumboni. Methali ilimtoka yenyewe, kama mtu anavyotokwa na jasho.

"Nyota njema huonekana asubuhi."

Uwanja ukapumua. Ni kweli, si ndivyo wahenga walivyosema? Nyota njema, asubuhi, hii hapa. Ngoma zikaanza. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtukufu alisimama, akavua koti, akalitupa, na watu wa karibu yake waligombea kulidaka. Akaamuru yule mwanamke asogezwe.

"Ni yangu?"

"Ndiyo yako, Mtukufu."

"Imekuwaje?"

Angeweza kusema chochote. Waziri alikuwa akimtazama kwa macho ya kumsihi, na jibu lilikuwa limeshaandaliwa na wahenga, lilihitaji kuitikiwa tu. Siwema alitazama juu mara moja tena.

"Imekufa," akasema. "Nyota kubwa ikifa huwaka hivyo miezi michache. Kisha haionekani tena."

Waziri akawahi kipaza sauti, akawatangazia wananchi kwamba bingwa amethibitisha: nyota ya namna hii haijapata kuonekana nchini. Jambo hilo lilikuwa kweli, na uwanja ulinguruma kwa furaha. Lakini Mtukufu alikuwa amesikia maneno yenyewe. Uso ukampauka. Akamsogelea Siwema, akamwambia taratibu kwamba swichi ataibonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Ila kwanza wananchi waone kitu cha kukumbuka kuliko hicho. Waone ni kiasi gani kiongozi wao anawapenda. Akaelekea kwenye Kiti.

Daktari Mbaruku alijaribu kumzuia. Alisema nyaya zina vumbi, alisema kofia ni ndogo, alisema hakuna haja, upendo wa Mtukufu hauhitaji ushahidi. Mtukufu alikaa. Waziri Koroboi naye alitaka kusema neno, ila yeye ndiye aliyeitia sahihi Lozi ile kwamba ni ya upendo, na neno lolote sasa lingekuwa kosa lenye kifungu. Wananchi huonyeshwa picha ya Mtukufu. Mtukufu aonyeshwe nini? Mtukufu akajibu mwenyewe kwamba picha ya nini, na wananchi wenyewe wapo. Kiti kikageuzwa, kikaelekea majukwaani.

Mtukufu akawatazama watu wake.

Lozi iliwaka nyekundu, ikawa ya chungwa, ikawa nyeupe. Ikajaa skrini kutoka pembe hadi pembe. Mafundi wakakimbilia nyaya wakidhani zinaungua. Katika miaka yote ya Kiti, katika vichwa vyote vya nchi ile, haikuwahi kuwaka vile.

"Tazameni upendo," akasema Waziri Koroboi, na sauti ikamkatika.

Hakuna aliyepiga makofi. Kila mtu mle uwanjani aliwahi kukaa kwenye Kiti. Kila mmoja alikumbuka alichokihisi Lozi yake ilipowaka: mdomo mkavu, mawazo yaliyokimbilia kwa watoto nyumbani. Jina la kitu kile walipewa, wakalipokea, wakalitia fremu. Lakini mwili haukusoma gazeti la serikali.

Katika jukwaa la wanawake, mama mmoja mnene aliyekuwa amejifunga kanga kifuani alimgeukia jirani yake. Hakupaza sauti.

"Kumbe na yeye."

Jirani akamwambia jirani. Maneno hayo matatu yakatembea kutoka benchi hadi benchi, yakazunguka uwanja, yakapanda hadi kwa waliosimama ukutani, yakarudi. Kumbe na yeye. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililotisha. Baadaye, mahali fulani upande wa mashariki, mtu alicheka, kicheko kifupi cha puani, akafuatiwa na mwingine. Wale askari wawili wakamwachia Siwema bila kuagizwa, kwa kuwa kila mmoja alihitaji mkono wa kuzibia mdomo wake.

"Wanasema nini?" akauliza Mtukufu kutoka ndani ya kofia.

Waziri alitafuta jibu kwenye viatu vyake.

"Wasahaulisheni," akasema Mtukufu.

Daktari Mbaruku, aliyekuwa amesimama upande wa kushoto wa Kiti, akainama kwa adabu, kama alivyomwinamia kila aliyewahi kukikalia.

"Nani, Mtukufu?"

"Wote."

"Kiti ni kimoja, Mtukufu. Na umekikalia wewe."

Siwema aliuona mkono wa daktari juu ya swichi. Haukubonyeza, wala haukuondoka.